Viti Vyeupe vya Jukwaani

Kitu cha kwanza kilichonitia kinyaa katika ugonjwa huu ni nyayo zangu mwenyewe. Nilikuwa namwogesha mzee mmoja nyumbani kwake Walthamstow, asubuhi ya Februari yenye baridi ya kukata masikio, maji ya moto yakanimwagikia miguuni. Niliyaona tu. Sikuyasikia. Ngozi ikaanza kutoka malengelenge nami nimesimama naitazama kama ya mtu mwingine. Kufikia jioni magoti yalikuwa hayanibebi tena.

Naandika haya kwa sababu muuguzi wa kliniki ya kibofu aliniambia wako wengine wanaosema Kiswahili, wenye shida kama yangu, na wanaona haya kuuliza. Mimi haya zilinitoka zamani. Naitwa Mkawasi, kwetu ni Voi, na kwa miaka kumi na minane kazi yangu hapa London ilikuwa kutunza wazee. Kwa hiyo nitakapotaja mkojo na mavi, usikunje pua. Nimeyashika ya watu wengi kabla ya kuyashika yangu.

Hospitali waliniketisha chumba cha kungojea kutwa nzima. Palikuwa na runinga isiyo na sauti, mashine ya kuuza biskuti iliyokufa, na kijana mmoja mwenye kidole kilichovunjika aliyelia kupita sisi sote. Kila jina lilipoitwa tuliinua shingo. Langu lilipoitwa lilitamkwa vibaya mara tatu nisitambue kwamba ni mimi, wakaita mtu mwingine. Daktari alisema uti wa mgongo umevimba kwa ndani. Chanzo hakukijua, na mimi sitakihubiri hapa.

Dripu ya kwanza ilikuwa ya siku tano. Uso ulinifura mashavu yakawa ya mtoto anayenyonya, na mdomoni nikawa nahisi ladha ya sarafu. Siku ya tatu nilijinyea kitandani, sikujua mpaka nilipoinusa. Kengele nilibonyeza, nikangoja, nikabonyeza tena. Aliyefungua pazia hakuwa muuguzi. Alikuwa binti yangu, Mghoi.

Mghoi nilikuwa sijamwona miaka miwili. Alikuwa ameniambia kwamba anapenda wanawake, na mimi nikamjibu maneno ambayo sitayarudia hapa, kwa kuwa yananitia kinyaa kuliko choo chochote nitakachokutajia. Aliondoka na mkoba mmoja. Sasa hospitali ilikuwa imempigia kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu yangu. Alisimama pale, akanusa, akavaa glavu.

"Mwanangu, nisamehe," nikasema.

"Lift your arm, Mum," akasema. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza.

Aliniosha pole pole, akaanzia mbele kwenda nyuma, sawasawa kabisa. Hakusema amenisamehe. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa.

Baada ya dripu ikaja mashine ya kusafisha damu, na baada ya mashine ikaja majira ya machipuko katika wodi ya mazoezi. Huko nilining'inizwa kwa mashine ya kunyanyulia watu. Miaka yote hiyo nimewaning'iniza wengine humo nikiwaimbia, "Relax, my darling." Siku yangu nilining'inia hewani miguu ikibembea, gauni limefunguka nyuma, na msichana mmoja akaniambia, "Relax, my darling." Nilitamani kumtemea mate. Neema ndogo zilikuwepo pia, sikatai. Alikuwepo mfagiaji mmoja kutoka Kakamega aliyenipaka mafuta miguuni kila Jumapili bila kutumwa na mtu, eti miguu iliyokauka inamkumbusha umaskini.

Nilitoka kwa kiti cha magurudumu. Miguu haikurudi, na kibofu nacho hakikurudi. Nilifundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa nne. Nahitaji mikono safi, mahali safi pa kuweka vitu, na nafasi ya kugeuza kiti. Nikichelewa, maumivu huja kwanza, halafu jasho, halafu mkojo unajitokea wenyewe bila adabu.

Majira ya baridi yaliyofuata Mghoi alihamia kwangu. Usiku mmoja tukinywa chai aliniambia kwamba kila kiangazi huimba na kwaya kwenye tamasha la Pride, sherehe ya watu wanaopenda kama yeye, katika bustani kubwa iliyo karibu na kwetu. Watu wengine huja na mama zao. "I always look for the mums," akasema. "I just want to look out and see you."

"Mwaka huu utaniona," nikamwambia. "Nitakaa mbele. Hutanitafuta."

Hii ndiyo ahadi yenyewe. Sijawahi kumwahidi mtu kitu nikakitaka namna ile.

Kikundi chetu cha watu wenye ulemavu kilikuwa na nafasi moja katika kamati ya tamasha. Nafasi hiyo ilikuwa ya Trevor, mzee wa Kiingereza mwenye kiti cha umeme, ambaye hajawahi kusimama tangu utoto. Lakini Trevor alikuwa amelazwa kwa kidonda cha mgongo, akanituma mimi. Kwa simu alinipa maneno matatu tu: choo, njia, nafasi. Niliyaandika. Laiti ningeyasoma.

Kikaoni walinieleza kwamba mwaka uliopita watu wa viti vya magurudumu waliwekwa nyuma kabisa, karibu na jenereta. Damu ilinichemka. Si kwa ajili yao tu. Nilimkumbuka Bi Joan, mteja wangu wa zamani. Siku moja nilimpeleka kwenye sherehe ya mtaa, nikaegesha kiti chake nyuma ya gari la kukaangia soseji, nikaenda zangu kuongea na simu. Niliporudi moshi ulikuwa unampiga usoni, macho yanamtiririka. Akaniambia asante. Asante! Niliegesha mtu kama baiskeli, na akashukuru. Nikikumbuka hilo mpaka leo natamani kuvua ngozi yangu.

Kwa hiyo kamati ilipouliza kuhusu jukwaa la kutazamia, nilijibu kwa hasira yote hiyo. Nikataka jukwaa lililoinuliwa, mbele kabisa, lenye hema. Nikataka zulia jekundu kwenye mteremko wa kupandia, viti vyenye vitambaa vyeupe, meza zenye maua na chupa za maji. Kwetu mtu akiheshimiwa inaonekana mahali alipoketishwa. Harambee, harusi, mazishi, mgeni wa heshima hapigwi jua. Kamati ilifurahi sana. Walikuwa wameogopa nitaomba kitu kigumu.

Vitu hivyo vyote anavyo dada yangu Wakesho. Ana biashara ya kukodisha mahema na viti kwa sherehe za Wakenya hapa London, na kanisani ni mwenyekiti wa akina mama. Na Mghoi alikuwa hasemi naye tangu yale maneno, kwa sababu yeye aliyasema pamoja nami.

"Mkawasi, sasa unanitafutia dhambi," alisema nilipompigia.

"Ni wagonjwa, Dada. Ni viti tu."

"Hizo rangi rangi zao siweki."

"Weka nyeupe."

"Na utepe wa dhahabu," akasema. "Nyeupe tupu inaonekana cheap. Na wewe nitakusukuma mimi, hao vijana watakuangusha."

Jumamosi ya tamasha jua liliwaka kama la Voi. Tulifika mapema. Jukwaa lilikuwa linapendeza, sitasema uongo. Viti arobaini, safu nne, kila kimoja na fundo lake la dhahabu mgongoni. Mpiga picha wa kamati akazunguka akipiga. Wakesho alinyoosha vitambaa kwa kiganja mpaka mkunjo wa mwisho. Nilitokwa na machozi. Nikasema, leo Bi Joan angeketi hapa.

Saa nane ilipofika nilihitaji choo. Kwaya ilikuwa saa tisa, nafasi nilikuwa nayo tele. Choo cha watu wenye ulemavu kilikuwa kimoja, kwenye ramani kimewekewa alama nzuri ya bluu. Nje palikuwa na foleni ya vijana wazima, miguu yao miwili miwili, wamejipaka vumbi la kumetameta. Walitupisha, wakanichekea kwa huruma. "Bless her," mmoja akasema.

Wakesho akafungua mlango. Sakafu ilikuwa bwawa. Karatasi zilizolowa, matapishi ya rangi ya waridi kwenye kiti cha choo, mavi ukutani yenye alama za vidole. Kitanda cha kubadilishia nguo, ambacho kikaoni nilikuwa nimekitia tiki kwenye orodha ya kamati, kilibeba maboksi ya bendera na katoni za maji mpaka darini. Kiti changu kiliingia magurudumu ya mbele tu.

Nimekwambia mimi uchafu haunitishi. Nimesafisha wazee waliokuwa wamekaa siku mbili bila kuogeshwa. Kilichonichefua ni kwamba uchafu huu haukuwa wa mgonjwa yeyote. Uliletwa na watu wenye vyoo vingine sitini pale bustanini, waliokuja hapa kwa sababu kuna nafasi, wakaacha matumbo yao, wakaenda kucheza ngoma. Niliwatazama wale vijana mmoja mmoja. Wakaangalia simu.

Msimamizi wa choo alikuwa na fulana ya kung'aa na redio begani. Nikamwuliza nani aliweka maboksi. Kiingereza cha watu wa pale nakupa kwa Kiswahili.

"Storage, madam. Hakuna aliyekuwa anakitumia."

"Nani angekitumia?" Wakesho akamwuliza. "Angelala juu ya bendera?"

Akaita kwenye redio. Redio ikakoroma. Tukangoja, kama nilivyongoja hospitali, na hakuna jina lililoitwa. Ilipokaribia saa tisa nilimwambia Wakesho anirudishe. Tumbo la chini lilikuwa limekaza kama ngoma na jasho limeanza kunitoka shingoni.

Jukwaa lilikuwa limejaa. Sikuelewa nilichokiona. Diwani na mkufu wake shingoni, wafadhili na vitambulisho vyao vya kuning'inia, wake zao, waume zao, glasi za mvinyo mkononi, wote juu ya vitambaa vya Wakesho. Wanakunywa maji ya meza zangu. Chini ya mteremko alisimama kijana mwenye fulana ya kung'aa, mpole, meno meupe.

"Samahani, mama. Hapa ni pa wageni waalikwa. Wheelchair nadhani ni kule nyuma."

"Nani amekuambia ni pa wageni waalikwa?"

Akashangaa. Akageuka, akalitazama zulia, hema, maua, mafundo ya dhahabu. "Hakuna aliyeniambia," akasema. "Si unaona lilivyo?"

Alikuwa amelisoma vizuri kabisa. Nililiandika mwenyewe.

Nilimkuta Trevor kwenye jenereta. Ametoka hospitali juzi, uso wa kijivu, na wenzetu saba wako naye, wamepangwa kwenye majani makavu, mbele yao ukuta wa migongo na matako. Moshi wa dizeli ulikuwa unapita usoni mwake.

"Trevor, kwa nini mko huku? Lile jukwaa ni lenu!"

"Lile?" Alicheka mpaka akakohoa. "Tulilipita asubuhi. Hatukudhani ni letu." Halafu akapiga mkono wa kiti chake cha umeme, taratibu, mara mbili. "Na hiki ningekiweka wapi, mpenzi? Mapajani mwa diwani?"

Viti arobaini, safu nne. Hapakuwa na upenyo wa kupitisha hata gurudumu moja. Na lile zulia, nilikuja kuona, hukunjamana chini ya magurudumu madogo ya mbele kama shuka. Trevor aliniambia choo, njia, nafasi. Nami nikamletea maua. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kinyaa kile kile cha gari la soseji. Nilikuwa nimemwegesha mtu tena, safari hii kwa utepe wa dhahabu.

Hapo mkojo ukaanza. Kidogo, halafu si kidogo.

"Twende," Wakesho akasema. Alikuwa ameona. "Kuna choo kwenye supamaketi pale barabarani. Dakika ishirini."

Spika ikatangaza kwaya. Mbali, juu ya vichwa, nikaona kilemba cha njano cha Mghoi kikipanda ngazi. Nguo za kubadili zilikuwa kwenye mkoba. Dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, ningerudi mkavu, na ahadi imekwisha.

"Nipeleke mbele," nikasema.

"Umelowa, Mkawasi."

"Nipeleke hivyo hivyo."

Wakesho alinitazama. Kitu alichokifikiria sikijui mpaka leo. Alinisukuma kwenye yale majani kwa nguvu zote, Trevor na wenzake nyuma yetu, akipiga kelele "Excuse! Excuse!" mpaka tukafika chini ya mteremko. Akaniacha hapo. Akampita yule kijana, akapanda jukwaani na kusimama katikati kama anavyosimama siku ya mkutano wa akina mama.

"Good afternoon," akasema. "Hivi viti ni vyangu. Nimekuja kuvichukua."

Wakacheka kidogo. Akashika mgongo wa kiti cha diwani akakitikisa.

"Simama, mama. Ni mali yangu. Nina kazi nyingine leo."

Unaweza kubishana na mtu anayedai haki. Mtu anayedai kiti chake huwezi kubishana naye. Walisimama mmoja mmoja, glasi mkononi, wakitafuta mtu wa kumlalamikia. Wakesho akachomoa vitambaa viwili viwili, akabeba viti sita sita, akavitupa nyuma ya jukwaa kwenye majani. Yule kijana wa meno meupe, sifa zake nimpe, alikunja zulia bila kuambiwa. Tukapanda. Diwani alipishana nami kwenye mteremko, akanusa, nikaona pua yake ikijikunja kabla hajaizuia. Nami nikamtazama mpaka akainamisha macho.

Kwaya ilikuwa imeshaanza. Mghoi hakuangalia kwetu. Alikuwa anaangalia nyuma, upande wa jenereta, anatafuta. Alijua watu kama mimi huwekwa wapi. Niliinua mkono, hakuuona. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikakipunga, nywele zangu za mvi zote nje, mkojo unanidondoka viatuni. Akaniona. Alikosa maneno ya mstari mzima, mdomo wazi, mwenzake akamgusa kiwiko ndipo akaendelea.

Alikuja mbio wimbo ulipokwisha. Alinikumbatia, mkono wake ukagusa kiti.

"Mum, you're soaked."

"Najua."

"You could've gone home."

"Ningeenda vipi, nawe ulikuwa unanitafuta?"

Alitazama huku na huku, akamwona mama yake mkubwa wa kanisani akija na rundo la vitambaa vyeupe kifuani. Walikuwa hawajasemeshana zaidi ya miaka mitatu. Wakesho akamtupia ncha ya kitambaa kimoja.

"Shika hapa," akamwambia. "Juu zaidi. Juu, Mghoi, watamwona mama yako."

Mghoi akashika. Trevor na wengine wakageuza viti vyao wakatupa mgongo, duara, bila kuombwa. Ndani ya pazia hilo la harusi nilijitoa mkojo kwa mpira, nikafutwa kwa vitambaa vya utepe wa dhahabu, nikavalishwa nguo kavu. Wakesho alinifuta mbele kwenda nyuma. Mghoi alimsahihisha mahali pamoja, kwa Kiingereza, na Wakesho akasema sawa.

Juma lililofuata kamati ilinitumia barua ya shukrani pamoja na picha. Ilikuwa ya jukwaa asubuhi ile, viti arobaini vinameremeta, hakuna mtu hata mmoja. Chini wameandika kwamba huu ni mfano wa jinsi tamasha linavyowaheshimu watu wenye ulemavu. Niliisoma mara mbili.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, uliyelala wodini ukinusa shuka zako, au uliyetoka juzi na mpira wako mkobani: watakuita kwenye vikao. Nenda. Lakini kabla hujakubali lolote, uliza nani ana ufunguo wa choo, na uende ukaingie ndani na kiti chako, ukigeuze. Usiamini tiki, hata ile uliyoitia wewe.

Mwezi wa Oktoba, kabla ya miadi yangu ya kibofu, kikao cha tamasha la mwaka ujao kilifanyika. Safari hii Trevor alikuja nami. Mwenyekiti akatabasamu, akafungua daftari lake, akauliza tungependa vitambaa vya rangi gani.

Trevor akanitazama.

"Viti msituletee," nikamwambia mwenyekiti. "Tunakuja na vyetu."